Fuwele Kwenye Turubai la Mahindi

Nililelewa na watu wanaopigana na maji. Kwetu ni Kwanza, ukitoka Kitale na kupita mashamba ambayo msimu wa mavuno hayana kitu kingine isipokuwa mahindi na watu waliochoka. Yakishavunwa, nyumba yetu hugeuka kambi ya jeshi. Turubai hutandikwa uani, mahindi yakamwagwa, yakageuzwa kwa nyayo za miguu asubuhi na mchana, na lazima pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia mawingu yanayotoka upande wa Mlima Elgon. Tone la kwanza likianguka, hata kama mchungaji yuko sebuleni amefumba macho anatuombea, kila mtu huruka. Mchungaji wetu wa siku hizi amezoea, naye huruka.

Mama hana mashine ya kupima unyevu na haitaki. Huokota punje, akaiweka kwenye meno ya pembeni, akauma huku ameinamisha kichwa asikie. Ikivunjika kwa mlio mkavu, hiyo ni ya guniani. Ikibonyea, inarudi juani. Akiwa na shaka hutia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, akatikisa, na chumvi ikigandamana na kioo, yeye hutikisa kichwa pia. Kwake chochote chenye unyevu kiko njiani kuoza. Hilo linahusu mahindi, magodoro, viatu, Biblia iliyonyeshewa, na wajukuu wanaotoka kuoga bila kujifuta vizuri.

Na mimi, binti yake, nikaenda kusomea vitu ambavyo maji yakivitoka vinakufa.

Nafundisha Bungoma, na nikimaliza kufundisha naotesha fuwele za protini. Fuwele ni kama punje ya sukari, ila hizi zangu ni ndogo zaidi, na huwezi kuziona vizuri bila hadubini. Ukiziangalia hivyo zinang'aa, zina kona na kuta zilizonyooka, na utadhani ni ngumu. Si ngumu hata kidogo. Ndani yake protini zimejipanga safu kwa safu kama punje kwenye gunzi, na nafasi zote zilizo katikati zimejaa maji. Fuwele ya protini inaweza kuwa nusu maji, kama hindi bichi. Ukiipiga miale ya eksirei, miale hutawanyika na kuacha madoa, na kutokana na madoa hayo mtu mvumilivu anaweza kukokotoa umbo la protini yenyewe. Mimi si mvumilivu, lakini ni mkaidi, na nimegundua kwamba ukaidi nao hufika.

Protini yangu ilitoka nyumbani. Mwaka mmoja, nikiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mvua ilikataa kuisha, na mahindi yetu yakaingia stoo yakiwa hayajakauka sawasawa. Yalipopimwa yalikutwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu usioonekana, na hakuna aliyeyataka, na sisi wenyewe hatukuthubutu kuyala. Mama alichimbisha shimo nyuma ya nyumba, akayachoma yote. Nilimwona akilia kwa hasira, si kwa huzuni, akiupiga moshi kwa leso kana kwamba moshi ndio uliomkosea. Sijawahi kusahau. Baadaye nilirudi na chupa ndogo nikafagia vumbi la ile stoo, nikitafuta kitu chochote kinachoweza kuishi na sumu ile. Nilikipata: bakteria mmoja ana kimeng'enya, na hicho ndicho protini yangu, kinachoikatakata sumukuvu mpaka isidhuru. Polepole mno, lakini kinaikata. Nilitaka kuliona umbo lake ili nijue kinavyofanya, na baada ya hapo nikifanye kiende mbio.

Umbo likakataa kutoka. Kompyuta ilikisia, na kisio halikukaa. Nilijaribu njia ya kuzilowesha fuwele kwenye madini mazito, zikapasuka zote. Ikabaki njia moja tu. Protini ina salfa yake ya kuzaliwa, kidogo, imefichika, na unaweza kuitumia kama alama ya kuanzia hesabu. Shida ni kwamba salfa hujitokeza vizuri tu chini ya eksirei za aina laini, na eksirei laini humezwa na hewa kabla hazijafika popote. Kwa hiyo watu walijenga mashine, huko ng'ambo, ambayo hewa yake yote hufyonzwa. Fuwele hukaa ndani ya ombwe, mahali pasipo na chochote, ndipo miale inapopita bila kuguswa.

Niliomba nafasi kwenye mashine hiyo, nikapewa zamu moja. Msimamizi wangu wa masomo ya uzamivu, mtu mpole asiyependa kutoa habari mbaya, alinipigia simu akazunguka sana kabla ya kufika.

"Tutajaribu hii," alisema. "Ikikataa, itabidi tuizike hii protini, uchukue kazi nyingine uanze upya. Hatuwezi kuendelea hivi."

Nilimwambia haitakataa. Nilisema hivyo kwa sauti ya mama akimwambia dalali wa mahindi bei ndiyo hiyo. Nilipokata simu, uhakika wote ulikuwa umeniisha.

Maana nilijua kabisa ombwe hufanya nini kwa kitu chenye maji. Nilikuwa nimeliona kwa macho. Pale Bungoma kuna fundi wa friji ambaye ana pampu ya kufyonzea hewa kwenye mabomba kabla hajatia gesi mpya. Nilimbembeleza akaniletea, tukaiunga na chupa nene ya kioo, na ndani yake nikaweka tone moja lenye fuwele ambazo sikuwa na haja nazo tena. Akawasha. Tone lilikaa kimya kidogo, kisha likaanza kuchemka. Hakukuwa na moto, wala chupa haikuwa ya joto. Ukiigusa ilikuwa baridi. Likatokota, likarukaruka, halafu ghafla kilichobaki kikaganda kuwa barafu. Maji yasipobanwa na hewa hukimbia tu. Nilipozitoa fuwele na kuziweka chini ya hadubini, zilikuwa zimebomoka.

"Sasa madam," fundi aliniuliza, "hii kitu unataka iingie huko na itoke mzima?"

"Ndiyo."

"Ati mzima?"

"Mzima kabisa."

Alikunja waya wa pampu yake taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye nyumba ya mgonjwa.

Njia ya kuipitisha fuwele ndani ya ombwe iko, na kwenye karatasi ni rahisi. Unaigandisha kwa ghafla sana, ndani ya nitrojeni iliyofanywa maji, baridi inayounguza kuliko moto. Ukiwa mwepesi, maji ya ndani hayapati nafasi ya kujipanga kuwa barafu. Hubaki yalivyokuwa, yamekamatwa, magumu na maangavu kama kioo. Barafu hutanuka ikaivunja fuwele, lakini maji ya kioo hayatanuki, na katika baridi ile hayana nguvu ya kutoroka hata hewa yote ikiondolewa. Hayo ndiyo yote. Fuwele hustahimili ombwe kwa sababu maji yake yamesahau kwamba ni maji. Ila ukichelewa kidogo, au tone likiwa jepesi mno, lenye maji mengi, unapata ukungu mweupe, na ukungu huo ni barafu.

Nitrojeni yenyewe ningeitoa wapi Bungoma? Kwa ng'ombe.

Mtu anayepandikiza mbegu za fahali huku kwetu huitwa daktari, na hubeba mtungi wa nitrojeni ambao ndani yake kuna mirija midogo ya mbegu. Nilimfuata mmoja Kamukuywa, mtu wa makamo, mpana, mwenye kofia aliyoivaa mbele nyuma.

"Daktari, nimekuja kukuomba nitrojeni."

"Ya kufanya nini, mwalimu?"

"Kugandisha fuwele."

"Hiyo ni mnyama gani?"

"Si mnyama."

"Basi pole. Hii ni ya ng'ombe, bana. Nikikupea, mbegu zangu zinakufa. Na kuna mzee huko Kimilili, ng'ombe yake iko na joto leo leo. Ni wewe utaenda kumwambia?"

Nilirudi wiki iliyofuata. Nikarudi tena. Nilimkuta chini ya ng'ombe, nikamkuta kanisani, nikamkuta anakula, na kila mara nilimsalimu vizuri na kumwomba kitu kilekile. Mara ya mwisho nilimweleza habari ya sumukuvu na shimo la mama, naye akaacha kutafuna.

"Hiyo ya sumu ungesema toka siku ya kwanza," alisema. "Mimi nilidhani ni mambo ya masomo tu. Sikiza. Mimi hujazia mtungi Kitale, lori ikikuja. Siku hiyo iko mingi. Lakini kuleta mpaka Bungoma na hii balabala, hapana. Wewe ndio ulete vitu yako huko."

Ilikuwa na maana. Nitrojeni hugeuka mvuke njiani, fuwele hazigeuki. Basi fuwele zikaifuata nitrojeni, na kwa kuwa Kwanza si mbali na Kitale, tulikubaliana kazi tuifanyie kwetu, kwenye meza ya mama, kando ya dirisha lenye mwanga.

Fuwele hukua ndani ya sahani za plastiki zenye vishimo, kila kishimo na tone lake, juu yake zimefunikwa kwa selotepu pana isiyopitisha hewa. Nilizipanga ndani ya sanduku la kutunzia baridi, lile ambalo watu hubebea soda harusini, nikaweka na vifurushi vya barafu ili zisipate joto. Mwenzangu wa kazini alinipeleka kwa gari lake, na njia nzima nilikuwa nimelipakata sanduku. Alipopita kwenye tuta bila kupunguza mwendo nilimwita jina ambalo siwezi kuliandika.

Tulifika jioni. Uani turubai lilikuwa limejaa mahindi yaliyofunikwa. Mama alinikagua, akasema nimekonda, akauliza ndani ya sanduku mna nini.

"Kazi yangu."

"Inakula?"

"Hapana, mama. Iache tu hapo."

Hayo ndiyo maelezo yote niliyompa, na asubuhi nikaenda zangu Kitale kumngojea daktari na lori lake.

Tuliporudi, mimi na yeye, kwa pikapu yake, mtungi umefungwa nyuma kwa kamba kama mfungwa, jua lilikuwa limetoka vizuri. Niliona mahindi yamekwisha kufunuliwa. Niliona mama ameinama kwenye kona ya turubai na leso mkononi. Halafu nikaona kitu kinang'aa katikati ya mahindi. Ilikuwa sahani yangu. Ilikuwa imelazwa juani, imezungukwa na punje, na selotepu yake imebanduliwa upande mmoja na kukunjwa nyuma, vizuri, kwa uangalifu, ipate hewa. Sahani nyingine zilikuwa kwenye leso ya pili, anazipangusa moja moja, tayari kwa zamu yao.

Nilipiga kelele ambazo majirani walizisikia.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimefungua hiyo sanduku niweke maziwa, naona imejaa maji! Kila mahali matone! Ati mtu anasafiri na kitu mbichi hivyo, imefungwa na pilastiki? Si ingeoza?"

"Maji ndiyo yanaiweka hai!"

"Basi ungesema! Umeweka tu hapo ukaenda. Mimi ni nabii?"

"Nilisema uiache!"

"Na mahindi ikinyeshewa niiache pia?"

Nilikuwa na hasira ya kulia. Miaka ya kazi, zamu moja ya mashine, na mwanamke ninayempenda kuliko wote ameniwekea kila kitu juani kama njugu. Yeye naye alikuwa amesimama wima, kidevu juu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkemea kwenye turubai lake mwenyewe. Hakuomba msamaha, wala mimi. Daktari alisimama katikati yetu, mtungi wake unatoa moshi mweupe.

"Mama," alisema kwa adabu kubwa, "chai iko?"

Chai ilikuwa iko. Ndiyo aliyokuwa ameibandika wakati anaanika sahani yangu, kwa sababu alijua wageni wanakuja. Ilikuwa imechemka na kuumuka, ikamwagikia jiko, na hakuna aliyeishughulikia.

Niliichukua sahani ile ndani nikaiweka chini ya hadubini niliyokuja nayo. Fuwele nyingi zilikuwa zimepasuka kama matope ya Februari. Kwenye vishimo vya ukingoni, vilivyokuwa mbali na upande uliobanduliwa, bado kulikuwa na chache zilizosimama, lakini matone yao yalikuwa yamepungua na kukolea, mazito kama uji uliosahaulika. Niliisukuma pembeni. Nilikaa nimeshika kichwa.

"Mwalimu," daktari alisema akinywa chai iliyosalia, "hii nitrojeni inaenda. Kama ni kulia, lia huku unafanya."

Nikafanya. Unaitoa fuwele kwenye tone kwa kitanzi cha uzi kilicho kidogo kuliko tundu la sindano, kimebandikwa kwenye ncha ya pini ya chuma, kisha unaizamisha kwenye nitrojeni bila kusita. Nilianza na zile sahani nzuri, zilizokuwa bado kwenye leso. Baadhi zilitoka angavu, nyingine ziliingia ukungu hapo hapo, nami nikaendelea. Mama alikuwa jikoni anagonganisha sufuria kuliko ilivyohitajika.

Fuwele nzuri zilipoisha, kwenye kishikizo cha chuma kinachozipanga pini ndani ya nitrojeni kulikuwa bado na nafasi. Mtu mwingine angekifunga hivyo hivyo. Lakini nimekulia katika nyumba ambayo gunia halishonwi mdomo likiwa halijajaa. Mama husimama juu yake, hulitikisa, huongeza kopo, hulitikisa tena. Mkono wangu ukaivuta ile sahani ya juani wenyewe. Nikachukua zile chache zilizosimama nikajazia nafasi, na kusema kweli nilifanya hivyo kwa hasira, kama mtu anayeshindilia. Zote ziliganda angavu. Nililiona hilo, sikulifikiria.

Chombo maalumu cha baridi kali, chenye pini zote ndani, kilisafirishwa ng'ambo. Mimi nilirudi Bungoma bila kuagana vizuri na mama. Aliniwekea unga na parachichi kwenye gari, kama kawaida, lakini alimpa yule mwenzangu aliyekuja kunichukua, hakunipa mimi.

Siku ya zamu niliketi ofisini mchana, mlango nimeufunga, nikitazama kwenye kompyuta picha za kamera iliyo ndani ya mashine ile ya mbali. Mhudumu wake alizungumza nami kwa sauti ya upole. Kwenye ombwe huwezi kuipulizia fuwele hewa baridi, kwa kuwa hewa haipo, kwa hiyo baridi yote hupita kwenye chuma: pini hushikwa na shaba iliyopoozwa, na baridi hupanda kutoka chuma hadi kitanzi hadi fuwele, kwa kugusana tu. Pini isipokaa sawa, fuwele inapata joto na mambo yamekwisha.

Ya kwanza ilitoa picha yenye miduara minene, alama ya barafu, madoa yake yamefifia. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu pini yake haikukaa, na nikaona kwenye kamera fuwele yangu ikibadilika rangi, ikajikunja, ikabaki kitanzi na ngozi kavu. Mhudumu alisema pole. Nilimwambia aendelee. Nyingine, barafu. Nyingine, madoa machache ya katikati tu, yasiyofaa kitu. Nilianza kuona jinsi nitakavyomwambia msimamizi, na jinsi nitakavyoondoa maabarani kila chupa ya protini iliyozikwa. Nilimwambia aendelee.

Zilipoisha zile nzuri, akauliza kama aziweke na hizi za mwisho, maana kwenye maelezo nilikuwa nimeandika kwamba zimeharibika. Nilisema aziweke.

Ya kwanza kati ya hizo haikuonyesha kitu. Ya pili ikaingia. Hewa ikafyonzwa. Ilikaa pale, ndogo, angavu, katikati ya mahali pasipo na chochote, na miale ikaipiga, na madoa yakaanza kutokea kwenye kioo changu. Yalitokea katikati, yakaenea, yakaendelea kuenea mpaka pembeni kabisa, safi, bila mduara hata mmoja wa barafu. Mhudumu akaniuliza hii nimeifanyia nini.

Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Fuwele ilikaa mle mchana wote, ikageuzwa na kupigwa miale na kugeuzwa tena, na haikutoa hata tone lake moja. Kufikia jioni salfa ilikuwa imejitokeza, moja moja, mahali pake, na hesabu ya umbo ikapata pa kuanzia.

Kilichotokea nilikielewa nikiwa naelekea nyumbani. Mama alitoa maji kidogo, si yote. Tone lilipokolea, halikuweza tena kuwa barafu, na protini zenyewe zilisogeleana zikashikana vizuri zaidi. Nyingi zilikufa kwa hilo, lakini iliyopona ilipona sawasawa. Nilimpigia simu nikiwa njiani.

"Mama, imeingia. Imekubali."

"Gani?"

Nilijikaza. "Ile ya juani."

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Ile uliniitia majirani?"

"Ndiyo hiyo."

"Haya," alisema. "Asante kwa kuniambia." Akakata. Aliyasema kama mtu anayepokea risiti, nami nilicheka peke yangu barabarani mpaka machozi yakanitoka, kisha nikalia kweli.

Msimamizi alifurahi sana, halafu akasema lile nililojua atasema: fuwele moja haitoshi. Ni lazima nirudie, tena fuwele iwe imeshika sumu ndani yake, ili tuone inavyokatwa. Wenye mashine wamenipa zamu nyingine. Basi nikajaribu kukausha kwa akili. Nilitumia chupa za chumvi za viwango mbalimbali, nilitumia feni, nilitumia joto la kupimwa. Zilipasuka. Nikapunguza, zikabaki na barafu. Nikaongeza kidogo, zikapasuka tena. Kuna mahali fulani katikati, pembamba sana, na mimi sikuweza kupapata. Kuna mtu mmoja tu aliyewahi kupafika, naye alikuwa hana habari.

Nikapakia sahani kwenye sanduku la soda, nikarudi Kwanza.

Mama hakutaka hata kuliangalia.

"Mimi sigusi kitu ya mtu," alisema. "Niliambiwa niache, nikaacha."

"Mama, nimekuja kukuomba uguse."

"Nikiharibu?"

"Nitaleta zingine. Na hizo ukiharibu, nitaleta zingine tena."

"Utapiga kelele."

"Nitapiga. Halafu nitaleta zingine."

Alinitazama usoni. Ni yeye aliyenifundisha kukataa, na nadhani alikuwa anajiona ndani yangu. Akafuta mikono kwenye aproni, akaichukua sahani akaibeba kwa viganja viwili.

"Ile siku ulibandua kiasi gani?" nilimuuliza. "Uliacha kwa muda gani?"

"Nitajuaje muda? Nilikuwa napika chai."

"Chai ya watu wangapi?"

"Yangu, yako, na ya huyo daktari wako wa ng'ombe."

"Basi pika hiyo hiyo."

Akapima maji na maziwa kwa kikombe chake, akabandika sufuria, akatoka nje. Aliyasukuma mahindi kwa mguu akatengeneza nafasi palepale kwenye kona ya turubai, akalaza sahani, akabandua selotepu upande mmoja na kuikunja nyuma kwa kidole gumba. Niliona sasa jinsi alivyofanya, taratibu, kama anayefunua uso wa mtoto aliyelala. Kisha akarudi mlangoni, mahali ambapo angeweza kuona jiko na turubai kwa pamoja.

Mimi nilipiga magoti kando ya sahani. Jua lilikuwa linapanda. Nilijua ndani ya kila kishimo maji yanatoka, punje kwa punje, na kila kitu nilichosoma kilikuwa kinanipigia kelele nifunike. Niliona tone moja limeanza kujikunja ukingoni, na mkono wangu ukaondoka wenyewe kuifuata selotepu.

"Wewe," mama alisema kutoka mlangoni. "Toa mkono. Chai bado."